FUNDI WA NYUMBANI: Tablo ya motokari imepasuka, tufanye nini?

Mwezi huu tunaongea juu ya tablo, ule ubao wa mbele mu motokari, chini ya kioo kikubwa, pale sindano za joto na za mafuta zinasimama. Najua wengi watasema: aa, ile ni kitu ya urembo tu. Motere inawaka, freni inakamata, tablo kupasuka inatuhusu nini? Inatuhusu, na zaidi sisi tunaoishi karibu na migodi, mu barabara za vumbi nyekundu, nyuma ya kamio zinazobeba mawe ya madini usiku na mchana. Basi tusikilizane pole pole.

Tukamate mfano wa motokari ambayo watu wengi wa kwetu wanaijua vizuri: Land Cruiser 60, ile iliyotengenezwa toka mwaka 1980 mpaka 1990. Zingine zinatembea hata leo, zimebeba mahindi, makaa, bibi arusi, na jeneza pia siku ya msiba. Kaka yake mkubwa, Land Cruiser 40, tablo yake ni chuma, na juu ya chuma wameweka mto wa kupunguza pigo. Chuma hakipasuki, kinashika kutu tu. Lakini ile 60, na pikapu nyingi za wakati ule, tablo yake ya juu ni ngozi ya plastiki laini, chini ya ngozi kuna sponji, sawa ile ya matela, na chini ya sponji kuna kitu kigumu cha kubeba yote. Waliifanya hivyo si kwa ajili ya uzuri. Ni kwa ajili ya kichwa cha mtu. Motokari ikigonga, uso unaanguka juu ya kitu laini, hauanguki juu ya bati. Marekani iliingiza jambo hilo mu sheria ya motokari ndogo toka mwaka 1968.

Sasa, kwa nini inapasuka? Ile ngozi ya plastiki, ili iwe laini, kiwanda kilichanganya ndani yake mafuta fulani. Jua likipiga kila siku, yale mafuta yanatoka kidogo kidogo. Umewahi kupangusa kioo cha mbele upande wa ndani, ukaona kitambaa kimeshika kitu kama mafuta, na hakuna mtu aliyegusa pale? Sehemu kubwa ya yale ni mafuta ya tablo yaliyopanda na kulala juu ya kioo. Mwaka baada ya mwaka ngozi inakuwa kavu, inajikunja, inakuwa fupi kuliko mahali pake. Lakini imefungwa huku na huku kwa visi. Itafanya nini? Inapasuka, mara nyingi karibu na matundu ya hewa au juu ya sindano, pale nyama yake ni ndogo.

Mwaka 2018 watafiti wa Arizona, Marekani, walipima motokari zilizoachwa mu jua kali kwa saa moja. Tablo zilifika karibu digri 69. Kwetu Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, hewa haipati joto kama la kule, lakini tuko juu, zaidi ya metre elfu moja, na jua la mchana linapiga kweli. Halafu mwezi wa sita na wa saba asubuhi ni baridi ya kutetemesha, saa sita mchana ni joto. Plastiki inavutwa, inaregezwa, inavutwa tena, kila siku. Hapo hata plastiki mpya inachoka.

VUMBI LIKO NDANI

Hapa ndipo nataka mama na baba wasome pole pole. Mpasuko wa tablo siyo mstari tu. Ni mlango. Ile sponji ya chini inakunywa vumbi sawa vile inakunywa maji. Ukienda barabara ya mgodi na madirisha wazi, vumbi linaingia, linalala mu mpasuko. Ukipita mu shimo la barabara, tablo inatikisika, na vumbi linatoka tena, linaruka usoni mwa watu wa mbele. Nani anakaa mbele? Mara nyingi ni mama, na mtoto juu ya magoti yake. Na mtoto anashika nini? Tablo. Anachezesha kidole mu mpasuko, anatosha kipande cha sponji, anapeleka kidole kinywani.

Vumbi la kwetu si vumbi la kijiji cha mbali. Mwaka 2009 watafiti wa Université ya Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo yao: walipima mikojo ya watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini, wakakuta kobalti nyingi sana, na watoto walizidi wakubwa. Mwaka 2018 walitangaza tena juu ya Kasulo, pale Kolwezi, mtaa ambamo watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao: watoto wa mtaa ule walikuwa na kobalti mu mikojo mara kumi kuliko watoto wa mahali pengine. Vumbi la ndani ya nyumba zao pia lilikuwa na madini. Vumbi la mu motokari linatoka barabara ile ile. Sisemi tablo ndiyo ugonjwa wote, hapana. Nasema hapa ni mahali pamoja ambapo baba anaweza kufunga mlango kwa mikono yake mwenyewe.

Basi kazi ya kwanza ni kusafisha, mbele ya kununua chochote. Na hapa vijana wa garaji wanisamehe: msipulize tablo kwa kompresa. Najua inapendeza, ffff! na yote imetoka. Imetoka kwenda wapi? Mu viti, mu nywele, mu mapafu ya yule anayepuliza. Fungua milango yote, weka watoto mbali, funga kitambaa puani na kinywani ukikosa maski nzuri. Chukua kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kamua vizuri, pangusa, suuza mu ndoo, pangusa tena. Sponji iliyooza, inayoanguka kama unga, itoshe kwa vidole au kijiko, kwanza uilowanishe kidogo. Yale maji machafu usimwage karibu na mboga za mama wala karibu na kisima. Na usitumie esanzi kusafisha tablo. Inakausha ngozi zaidi, na mvuke wake ndani ya motokari unangoja cheche moja tu.

MBELE YA KUFUNGUA MFUKO

Baba mmoja ataniambia: fundi, nina dola chache, na mwezi wa tisa minerval ya watoto inangoja. Nifanye nini? Nitakujibu wazi: usianze na uzuri. Kwanza tazama kama sindano zinasema kweli. Sindano ya joto ikikufa, na wewe unabeba mzigo kupanda mlima, siku moja motere itachemka, kilasi kitapasuka, na pale hautaongea tena juu ya tablo, utaongea juu ya kuuza motokari kama chuma kikuukuu. Taa ya mafuta ya motere vilevile. Feza ya kwanza iende huko. Mtu anayevalisha tablo ngozi mpya na sindano zake zimekufa, amevalisha maiti.

Ya pili, tazama maji. Mu masika, kama unakuta tapi ya chini imelowana, au fizibu zinaungua ovyo, kosa si la ule mpasuko wa juu. Mara nyingi maji yanapita mu kauchu ya kioo cha mbele, au mu bati ya chini ya kauchu iliyooza kwa kutu. Kuijua ni rahisi: mtu mmoja anamwaga maji pole pole juu ya kioo, akianzia chini na kupanda, mwingine analala ndani na torshi, anatazama juu, chini ya tablo. Mkiona tone, mmepata. Ukifunika tablo na maji bado yanaingia, umejenga nyumba ya kutu, na siku moja nyaya zitagusana. Moto wa motokari mara nyingi unaanza mu nyaya za namna hiyo, zilizovuliwa ngozi na kuungwa kwa tepu ya zamani. Kwa hiyo ukiwa chini pale na torshi, fuata kila waya kwa macho. Waya iliyofungwa bila fizibu, ya redio hasa, itoshe.

Tukimaliza hayo, sasa tunaweza kutengeneza.

Mipasuko mitatu minne, midogo, unaweza kuijaza. Watu wengi wanakosea hapa kwa kitu kimoja: wanaweka mastiki ngumu, ile ya kujaza bati. Inakauka kama jiwe, inapendeza wiki mbili, halafu tablo inajinyoosha mu jua na mastiki inaruka. Unapaswa kutafuta mastiki inayojikunja, ile ya kutengeneza parshoki za plastiki, ya kuchanganya vitu viwili. Kwanza kata zile midomo ya mpasuko zilizojikunja kwenda juu, karibu nusu santimetre kila upande, kwa kisu chenye makali. Wengi wanaogopa kukata, wanajaribu kuzikandamiza. Hazishuki. Ngozi imekwisha kuwa fupi, itajikunja tena. Kata. Chonga kingo ziwe mteremko, mastiki ipate mahali pa kushika. Kama shimo ni refu, jaza chini kwanza kwa ile povu ya mafundi wa madirisha, lakini kidogo tu, maana inavimba na kuinua kila kitu. Ngoja siku nzima. Ikate iwe chini ya uso wa tablo kama milimetre tatu, halafu juu yake ndiyo unaweka mastiki. Sugua kwa karatasi ya 80, halafu 180, halafu 320, na uisugue ikiwa na maji ili vumbi lisiruke. Mwisho rangi ya plastiki, nyeusi au kijivu, isiyongaa. Nasema isiyongaa kwa sababu tablo inayongaa inapiga mwanga mu kioo cha mbele, na shofere haoni mtu anayevuka.

Kama imepasuka kila mahali, sawa udongo wa mto wakati wa kiangazi, usipoteze mastiki. Njia yetu ya kawaida ni kwenda kwa fundi wa viti vya motokari, aivalishe sikai. Inawezekana, na wako mafundi wenye mikono mizuri. Lakini uliza mambo mawili. Kole gani? Kole ya kawaida ya viatu inaregea mu joto, na baada ya mwezi mmoja sikai inainuka mu mabonde ya tablo kama ngozi ya mtu aliyeungua. Inafaa kole ya kustahimili joto, inapakwa pande zote mbili, inangojwa mpaka haishiki kidole, ndipo unaanza kati na kwenda pembeni. Ya pili: atajaza mipasuko kwanza, au atafunika tu? Wanaofunika tu, wanafunika na vumbi ndani. Umelipa feza kuficha uchafu. Na asifunike yale matundu ya hewa ya kioo. Asubuhi ya mvua, kioo kikishika ukungu, utayahitaji.

Kwa wanaonunua motokari, neno moja hapo hapo. Tablo yenye nguo nzuri mu motokari ya miaka thelathini na zaidi, ikandamize kwa kidole. Ikilia kama majani makavu, uliza kuna nini chini.

Iko pia kofia ya plastiki ngumu, inatengenezwa kwa kipimo cha tablo fulani, unaibandika juu kwa silikone. Ni kazi ya saa moja, na inafunga vumbi vizuri. Ubaya wake ni kwamba inatoka mbali na ile laini ya kulinda kichwa inabaki chini ya kitu kigumu. Mimi ningeichagua mbele ya sikai mbaya, lakini nyuma ya sikai nzuri.

KUBADILISHA YOTE

Kununua tablo nzima ya okazio ni ndoto ya wengi, na hapa feza nyingi zinapotea. Sisi Kongo tunatembea kuume, volan iko kushoto. Jirani zetu wa Zambia na Tanzania wanatembea kushoto, volan yao iko kuume. Vyuma vingi vya okazio vinatufikia kupitia kwao, au kutoka Japani, na huko pia volan iko kuume. Tablo ya volan kuume haiwezi kuingia mu motokari yako, hata muuzaji akiapa mbele ya padri. Tazama picha mbele ya kutuma feza: mahali pa sindano iko upande gani? Halafu linganisha matundu, moja moja. Na kama unabadilisha pamoja na sindano na taa zake, jua kwamba Land Cruiser zingine za mazutu zilitengenezwa na umeme wa volti 24, zingine volti 12. Ukichanganya, ama balbu zinaungua, ama hazionekani.

Kutosha tablo siyo kazi ya nguvu, ni kazi ya uvumilivu. Usifanye asubuhi ya baridi, plastiki ya zamani inavunjika kama biskuti. Ngoja saa nne, jua liipashe. Fungua kwanza waya wa batri, ule wa kutoa. Piga picha kwa simu mbele ya kufungua kila kitu. Kila waya uipe kipande cha tepu chenye namba, na namba ile ile uandike pale inapoingia. Visi usizitupe mu kopo moja. Kila mahali na kopo lake, maana visi hazilingani urefu, na visi ndefu ikiingia mahali pa fupi inaweza kutoboa waya nyuma yake. Unapofika ku sindano, usivute. Nyuma kuna kamba ya kontere, ile ya mwendo. Ingiza mkono, ifungue kwanza. Kitu kikikataa kutoka, iko visi moja haujaiona, mara nyingi nyuma ya sanduku la karatasi au chini ya kifuniko kidogo. Kuvuta ndiko kunavunja.

Ukirudisha, usisahau waya za masi zinazoshika mu chuma cha tablo. Safisha chuma pale mpaka kingae. Masi ikiwa mbaya, sindano zinadanganya, na sindano inayodanganya ni mbaya kuliko iliyokufa, kwa sababu wewe unaiamini.

Kwa wenye motokari mpya kidogo, zile zenye mfuko wa hewa mbele ya abiria: yote niliyosema juu ya mastiki, sikai na kofia, msiyafanye juu ya kifuniko cha mfuko ule. Ukikifunga kwa kole, siku ya ajali mfuko hautatoka vizuri, au kile kifuniko kitaruka pamoja na vyote ulivyobandika. Hiyo muipeleke kwa fundi anayeijua. Zile za zamani, kama 60, hazina mfuko huo.

Tablo ya zamani iliyotoka, wamama, msikubali iingie mu moto wa jikoni wala ichomwe nyuma ya nyumba. Moshi wa sponji ile na wa ngozi yake una sumu kweli, unaharibu mapafu. Watoto nao wasiifanye gari ya kuchezea, maana vumbi la miaka yote limo. Ifungeni mu mfuko wa saki, mwite wabeba takataka, au mwizike mbali na maji.

Kuitunza iliyo nzima hakuna gharama. Achana na yale mafuta ya kungarisha, zaidi sana mazutu na mafuta ya motere ambayo vijana wa kuosha motokari wanapaka ili wapate matabishi. Mafuta yanashika vumbi, ndani ya siku mbili una tope. Maji na sabuni vinatosha, kila juma. Ukisimama, simama chini ya mwembe kama uko, pua ya motokari ikitazama mbali na jua la mchana. Kama hakuna kivuli, mama ana kitenge cha zamani: kitandike juu ya tablo, kikunjeni mkitaka kuondoka, na kifuliwe pamoja na nguo za kazi za baba, si pamoja na za mtoto.

Mwezi ujao tutaongea juu ya ile kauchu ya kioo cha mbele: namna ya kuitosha bila kuvunja kioo, na namna ya kutengeneza bati iliyooza chini yake.